Ofisi Ilipobadilisha Kompyuta Nikiwa Kwenye Eda

Habari kwamba mume wangu amezidiwa ilinikuta Ruangwa, mezani kwangu, nikiandika barua ya kuwaita watendaji wa kata kikaoni. Aliyeileta ni kondakta wa basi lililotoka Nachingwea asubuhi ile. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Mama, nyumbani wanakuita. Wamesema usichelewe."

Kwa namna alivyoishika ile kofia, nikajua kwamba mume wangu hakuwa mgonjwa tena.

Nikamalizia sentensi niliyokuwa nayo. Nikaihifadhi barua. Nikaizima kompyuta kwa utaratibu wake, nikakaa kungoja yale maandishi yanayokuambia kwamba sasa unaweza kuzima. Yakatokea. Nikabonyeza kitufe, nikaifunika mashine kwa kitambaa chake, nikachukua mkoba. Kondakta alikuwa bado amesimama pale pale. Nasikia wenzangu walilizungumza sana jambo hilo baadaye, kwamba mama yule alipewa habari ya msiba akakaa anatazama kioo cha kompyuta. Mimi sikuona ajabu yoyote. Ile mashine ukiizima vibaya, kesho yake inakusumbua.

Tulimzika siku ile ile baada ya alasiri. Alikuwa mpima mizani kwenye ghala la korosho pale Nachingwea, na msimu ulikuwa umeshaanza, kwa hiyo waliomzika wengi walikuja na vumbi la magunia mabegani. Ilikuwa homa. Jumapili niliyomwacha alikuwa anatengeneza mlango wa banda la kuku. Ndivyo tulivyoishi tangu nilipohamishiwa Ruangwa: siku za kazi nilikaa kwenye chumba cha kupanga, Ijumaa nilipanda basi kurudi kwake na kwa mama yake.

Basi nikakaa eda kwa mama mkwe. Alikuwa Mmwera wa kijijini hasa, Kiswahili alikisema kwa uchache, neno moja moja kama mtu anayechagua choroko. Hakunisumbua kwa maneno ya kunifariji. Wanawake wengine walikuja, wakanitazama machoni, wakaondoka wakinong'onezana. Wifi yangu aliniambia waziwazi, "Lia, dada. Usipolia utaumwa." Nikamwambia sawa. Lakini machozi hayakuja. Niliamka, nikaswali, nikachambua mboga, nikakaa. Mchana ulikuwa mrefu, na sikuuchukia wala sikuupenda.

Mzee wa masijala ya ofisi yetu ya Ruangwa alipofika mara ya kwanza, mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Alikuwa Mmakonde mtu mzima aliyekaribia kustaafu, na katika kazi yake yote alikuwa anashika majalada, si kompyuta. Mimi nilipoondoka ndiye aliyekabidhiwa kuandika barua, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Alikuja na pikipiki ya ofisi, amelowa matope hadi magotini. Mama mkwe akamweka kibarazani, akakaa kizingitini katikati yetu. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia la khanga.

"Pole sana, mama," alisema.

"Nimeshapoa, baba. Karibu."

"Nisamehe kuja kwa jambo la kazi. Wametuletea kompyuta mpya. Ina programu ya kuandikia, ila ni toleo jipya. Barua zinatoka ovyo. Maandishi yanapanda juu ya kichwa cha barua, tarehe inatoka kwa Kiingereza, na kila neno la Kiswahili linachorewa mstari mwekundu. Bosi anasema barua zako hazikuwa hivyo."

Ni kweli hazikuwa hivyo. Karatasi zetu zilikuja zimeshachapwa kichwa cha ofisi, kwa hiyo nilikuwa nimeiamuru programu ianze kuandika chini zaidi. Tarehe niliipanga. Maneno niliifundisha moja moja: korosho, ufuta, mtendaji, na majina ya huku kwetu, Mnero, Mbwemkuru. Kila lilipochorewa mstari nililiongeza kwenye kamusi ya mashine, mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo niliianza Nachingwea, kwenye kompyuta ya kwanza kuletwa ofisini kwetu baada ya taipureta, na nilipohamishwa niliyabeba yote kwa disketi.

"Ile ya zamani ipo?" nikamuuliza.

"Ipo, wameiweka stoo. Inawaka."

"Basi andika, baba."

Akatoa bahasha mfukoni. Nami nikaanza kumsomea njia kutoka nyuma ya pazia. Afungue diski C. Aingie folda ya programu, ndani yake folda ya ofisi, ndani yake ya templeti, vile viunzi vya barua. Humo atakuta faili linaloitwa Normal. Hilo ndilo lenye nafasi na tarehe. Kisha atoke, aingie folda nyingine, ya vitu vinavyotumiwa kwa pamoja, atafute kamusi. Yote mawili ayatie kwenye disketi, ayapeleke kwenye mashine mpya, ayaweke mahali pale pale. Alinirudishia kila neno kwa sauti, polepole, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo. Mama mkwe alimgeukia yeye, kisha akaligeukia pazia.

Alipoondoka, mama mkwe akaniuliza, "Anataka nini, huyu baba?"

"Anataka kujua nilikoweka vitu vya kazi."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Akarudi kutwanga.

Mzee alirudi wiki iliyofuata, na hata salamu hazijakwisha akaanza. "Mama, nimefuata kila kitu. Faili nimeziona, nimezibeba, nimeziweka pale pale uliponielekeza. Haikusaidia kitu. Ile mpya haizitazami kabisa. Barua bado zinapanda juu."

Toleo lile sikuwahi kuliona. Ilinijia kwamba labda wamehamisha mahali pa kuwekea, na kwamba programu ilikuwa inasoma faili jingine, kule inakokujua yenyewe, huku langu limekaa kwenye folda ya zamani bila kuguswa. Nililifikiri hilo kwa makini kuliko nilivyokuwa nimefikiri jambo lolote tangu mazishi. Ilikuwa nafuu kidogo, kama kukaa kivulini.

"Baba, programu yenyewe inajua inakoweka vitu vyake. Iulize. Juu kuna menyu za maneno. Ingia ile ya zana, shuka mpaka chini kwenye machaguo. Kutakuwa na sehemu inayoonyesha mahali pa mafaili. Hapo patakuwa na mstari wa templeti. Njia utakayoiona, inakili yote ilivyo, hata ikiwa ndefu. Kisha iandike kule juu kwenye dirisha la folda, maana huenda wameificha usiione kwa macho."

"Wanaificha kwa nini?"

"Sijui, baba. Labda watu wasiiharibu."

Akacheka kidogo, akajizuia kwa kukumbuka yuko wapi. "Sisi ndio waharibifu," alisema. Mama mkwe naye akatabasamu, na sijui kama alielewa. Akampa mhogo wa kuchemsha kwenye sahani, mzee akala kibarazani, akaondoka kabla mvua haijashuka.

Mara ya tatu hakuja mwenyewe. Yule kondakta alipita, akaagiza kwa mtoto wa jirani: mwambieni mama, mzee anasema imekubali.

Nilisikia, nikaendelea kupepeta mchele.

Eda ilipokwisha nikaogeshwa, nikabadilishwa nguo, nikasomewa dua. Siku chache baadaye nikapanda basi la Ruangwa. Ofisini walinipokea kwa sauti za chini. Meza ilikuwa ile ile ila mashine ilikuwa mpya, na ilitaka kwanza kujua wewe ni nani. Fundi alikuwa ameshanifungulia jina langu. Nikaliandika, ikanikaribisha, nikafungua programu ya kuandikia.

Ukurasa ulikuwa mtupu. Nikaandika tarehe, ikatoka kwa Kiingereza. Nikaandika neno korosho, ikalichorea mstari.

Mzee wa masijala alikuwa amesimama nyuma yangu, akaona. "Hapana!" alisema. "Mbona mimi ninavyo vyote? Barua zangu ziko sawasawa." Akainama, akaingia kwa jina lake, akanionyesha. Ndiyo, vilikuwepo vyote, nafasi, tarehe, hata neno Mbwemkuru halina mstari. Ndipo nikaelewa. Ile ya zamani ilikuwa na mahali pamoja pa wote. Anayekaa kitini anakuta vya aliyetangulia. Hii mpya inamwekea kila mtu vyake kwenye folda yenye jina lake, na vyangu mzee alivihifadhi kwenye folda yenye jina lake yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameketi hapo.

"Nikuhamishie sasa hivi?" aliuliza. Alikuwa na haraka ya kusaidia. "Njia naijua kwa moyo, wewe ndiye uliyenifundisha."

"Acha tu, baba," nikasema. "Vitumie."

Alinitazama kama aliyemkosea mtu. Sikuwa nimekasirika. Nilitafuta hasira nisiione, nikatafuta huzuni nisiione. Niliitazama ile karatasi nyeupe, nikaona kwamba inatosha.

Barua ya siku ile niliiandika hivyo hivyo, nikibonyeza kitufe cha kushuka mstari mpaka nilipopita kichwa cha ofisi, na tarehe nikaiandika kwa mkono wangu kibodini. Bosi akaisaini bila kuinua macho. Wiki zilizofuata pia niliandika hivyo. Mzee alistaafu mwaka ule. Hakuna aliyeniambia kwamba barua zangu zimebadilika.

Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi kazini nilifunga mkoba mchana bila kufikiri, nikajikuta ndani ya basi la Nachingwea. Tulipokaribia mjini ndipo nilipojiuliza naenda kwa nani. Nikashuka, nikatembea mpaka nyumbani. Mama mkwe alikuwa jikoni. Hakushangaa kuniona. Alinisogezea kigoda, akanipakulia ugali na kisamvu, sahani moja tukala wote wawili.

"Ufuta umeota," alisema. "Majani mengi. Kesho tupalilie."

"Haya, mama."

Kulipokucha alinipa jembe jepesi, akabaki na lile zito. Udongo ulikuwa bado na unyevu. Yeye alishika mstari wa kushoto, mimi wa kulia, tukaenda.