Chupa Nilizozibeba Tumboni

Mimi sisamehi haraka, na hili sijalisamehe mpaka leo.

Lubumbashi ilipoanza kuvurugika nilikuwa mwanafunzi wa biolojia, na kazi yangu ya kumalizia masomo ilikuwa hai, kweli hai: seli za mshipa mkubwa wa damu wa ndama, ambao niliuchukua mwenyewe machinjioni. Nilitaka kujua kitu gani kinazifanya seli zitengeneze elastini, ile protini inayoiwezesha ngozi na mishipa kuvutika kisha kurudi. Mwilini seli hizo hulala ndani ya wavu wa nyuzi. Ukizitoa ukaziweka kwenye plastiki tupu, zinaongezeka vizuri tu, zinajaa chupa, lakini elastini zinaanza kuiacha. Kwa hiyo nusu ya chupa nilizitandikia kolajeni, niliyoitoa kwenye mikia ya panya, tandiko jembamba lisiloonekana kwa macho. Nusu nyingine niliziacha tupu, nilinganishe.

Msimamizi wangu nilimwita yaya, kaka mkubwa, maana wazazi wake walitoka kaskazini kama wetu, na kila Jumapili alikula kwetu Makomeno. Hata akichelewa, mama alimwekea bukari yake, ugali wetu, na kuifunika.

Umeme ukaanza kukatika, kabati la joto likawa sanduku tu. Seli zikipoa zinakufa. Basi nikazifunga chupa tumboni kwa kitenge, nikaenda nazo sokoni, jikoni, hata misani. Majirani wakauliza mimba ni ya nani. Nikawajibu ya ng'ombe. Yaya alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaniambia jasho langu litafuta alama za chupa.

"Andika ku kifuniko, mudogo yangu. Zile ziko na tandiko, uchore musalaba."

Kila anayeingia maabara anafundishwa asiweke alama kwenye kifuniko. Mimi nilifundishwa hivyo na yeye mwenyewe! Nikatii hata hivyo, maana alikuwa yaya.

Wanajeshi walipoanza kupora maduka, akaja nyumbani anahema. Kesho asubuhi, alisema, lori la mfanyabiashara mmoja wa Kivu linakwenda Zambia. Huko kuna maabara inayotungoja pamoja na seli zetu, na mimi ningemalizia masomo yangu hukohuko.

"Nipatie chupa yote leo, niende kubadirisha mayi yao ku labo." Maji hayo ndiyo chakula cha seli, nikampa zote.

Jioni alinirudishia zile za msalaba peke yake.

"Hizi ya maana beba weye, mwili yako imezizobelea. Zile ya bure nitabeba miye."

Eti mwili wangu umezizoea! Nilikaribia kulia kwa heshima aliyonipa. Mjinga mimi!

Asubuhi nikasimama barabarani na mfuko wangu, kitenge kimekaza tumboni. Lori halikuja. Mchana jirani akatuambia limeondoka kabla ya jua kuchomoza, na yaya amekaa mbele, karibu na dereva. Nikamtetea. Nikasema wamemlazimisha, nikasema alihofia wanajeshi. Nikaendelea kuzibeba zile chupa wiki baada ya wiki, nikilala chali nisiziponde, na kila misa nilimwombea afike salama.

Muda wa seli kutengeneza elastini ulipotimia nikarudi maabara. Madirisha yalikuwa yamevunjwa, lakini darubini moja ya zamani ilikuwa imesalia kwa sababu hakuna aliyeitaka. Nikamwaga rangi inayoigeuza elastini kuwa kahawia, nikasogea penye mwanga. Seli zilikuwepo, nyingi, zimeshiba. Uzi wa kahawia hata mmoja hakuna. Nikadhani nimekosea rangi. Nikatafuta basi lile tandiko la kolajeni chini yake, maana hilo lisingeweza kwenda popote. Halikuwepo. Ilikuwa plastiki tupu, kila chupa, chini ya msalaba wangu mwenyewe.

Kumbe alibadilisha vifuniko. Hakuna mwingine aliyezigusa. Yaya alikwenda Zambia na kazi yangu, mimi akaniachia plastiki niipashe joto kwa tumbo langu. Nikazipiga zile chupa ukutani moja moja, na hata kuvunjika hazikuvunjika.

Nilifika nyumbani kitenge kikining'inia begani. Ilikuwa Jumapili. Mama alikuwa anafunika sahani.

"Labda leo tutapata habari ya yaya yako," akasema.

"Mama," nikamwambia, "hiyo bukari kula weye."