Mama mukwe alinifundisha balansi kwa mutungi wa maji nusu

Wakuu, hamjambo? Haya yamenipata mimi mwenyewe, asiyeamini apite tu.

Naona humu mnabishana juu ya mazoezi ya balansi, mara mpira, mara ubao wa jim. Mimi nina miaka themanini na ushee, na kamba za viatu bado nazifunga nimesimama. Nilijifunzia Kabambare, kule Kongo, wakati wa Wabelgiji.

Nilizaliwa Kasongo mjini, nyumba ya Waislamu, maji tulikuwa tunaletewa. Nikaolewa kijijini Kabambare, kwa walima pamba. Pamba ya lazima, wakuu, si ya kupenda! Siku ya soko pamba yenu isipofika, bwana yako anafungwa.

Mwaka wa kwanza tu, bwana yangu akajikata mguu kwa jembe, ukavimba vibaya. Soko limebaki majuma matatu. Vitunga viwili vya pamba vinangoja, na njiani kuna mto, daraja lake gogo moja. Pamba ikiloa hawaipokei.

Na mimi kujitwika mzigo kichwani sikujua. Aibu kusema.

Mama mukwe akanitoa nje, uwanjani. Kwanza nipepete mchele nimesimama mguu mmoja. Halafu akalaza gogo chini, nitembee juu yake. Halafu mutungi kichwani, maji nusu.

Nikadhani ananihurumia. Kumbe! Mutungi uliojaa umetulia. Wa nusu maji yanacheza, ukiinama kidogo yanakuvuta huko huko. Nililoa siku tano mfululizo, majirani wanacheka mpaka wanakaa chini. Nilimchukia yule mama, sifichi.

"Usiangalie miguu," alikuwa anasema. "Miguu iko na akili yake. Angalia kule unaenda."

Siku ya soko tukatoka wawili, kila mtu na kitunga chake. Nikavuka wa kwanza, macho ng'ambo. Nikafika. Nikageuka.

Mama mukwe ameacha kitunga chake ukingoni. Amekaa juu ya gogo, mguu huku na mguu huku, anajisukuma kwa matako pole pole!

"Mama, vipi tena?"

"Rudi uchukue kile," akasema. "Mimi niliacha kujizoeza zamani, muguu haisimame tena. Ulifikiri nilikuwa nakufundisha juu ya nini?"

Nikamngoja afike, nikarudi, nikavuka na cha pili, nacheka huku machozi yananitoka. Pamba ikapokelewa. Bwana yangu akalala nyumbani kwake, si gerezani.

Sasa mjue jambo moja: siku ile mama mukwe alikuwa hajafika miaka hamsini.

Balansi ukiiacha inakuacha, wakuu. Piga mswaki umesimama mguu mmoja, karibu na ukuta, kesho badilisha mguu. Jim ya nini?

Haya, inukeni hapo mlipo. Mguu mmoja juu, hesabuni mpaka thelathini, mniambie mmefika ngapi. Na msidanganye, mimi ni bibi yenu.