Mabati ya Rwamba

Munyi, fundi wa mbao wa Kianjokoma, alijenga daraja la miti mara mbili, na mara mbili mvua ikaliozesha. Mwaka wa 1967 ubao ulivunjika chini ya mguu wa mkewe, Rwamba, akivuka na kikapu cha majani ya chai. Alishika kamba akapona. Chai ilikwenda na maji.

"La tatu nitaliezeka," Munyi alisema. "Ubao mkavu hauozi."

"Fundi, utaliwekea na kitanda?" watu walimcheka. Lakini bila daraja, chai ilizungushwa maili saba hadi kituo cha kununulia, ikafika imebadilika rangi, ikakataliwa.

Mbao zilipatikana kwa harambee. Mabati yalikosekana.

Wanawake wa kijiji walikuwa na chama chao. Kila msimu walichanga wakamwezekea mmoja wao nyumba, nyasi zitoke, mabati yaingie. Zamu ya Rwamba ilifika Machi, baada ya miaka minne ya kungoja. Walikuja wakiimba, mabati vichwani. Rwamba akasimama mlangoni, hakuwapisha.

"Yapelekeni mtoni."

"Rwamba, unaumwa?" aliuliza Wamuyu, mwenyekiti wao. "Zamu ikipita haikungoji. Unaanza tena mkiani."

"Mkiani kuna watu wazuri. Twendeni, haya mabati ni mazito."

Munyi alichukua nyundo akawafuata.

Daraja likaezekwa. Mvua ya masika ikaja, kisha ya vuli, na nyumbani maji yalidondoka kwenye sufuria huku Rwamba akihamisha kitanda kutoka kona hadi kona. Mvua zilipokatika, Munyi alishuka mtoni na kisu. Alipiga magoti akachoma ubao mmoja mmoja. Kisu kiligoma kuingia kila mahali.

"Umeonaje?" Rwamba alimuuliza aliporudi.

"Pakavu."

"Kuliko hapa?"

Wakatazama kitanda chao katikati ya nyumba, wakacheka mpaka Munyi akaketi chini.

Wamuyu, ambaye sasa alivuka kila asubuhi na chai yake, alitaka kumrudisha Rwamba mbele ya foleni. Rwamba alikataa. Nyumba yake iliezekwa mwaka wa 1976, zamu ilipofika. Bati moja lilibaki. Alijitwika akashuka nalo darajani, kuziba mahali paa lake lilipokuwa limeanza kutoboka.