Iage Kwanza Kompyuta

Juzi nilifuata chaja kwa fundi kompyuta wa mtaa wa Viwanja Sitini, nikamkuta mama kutoka Malinyi ambaye laptopu yake ilizama kwenye mafuriko. Fundi aliitoa diski, akaiweka kwenye kikasha chenye waya, akauchomeka kwenye kompyuta yake. Picha za marehemu mume wa mama zikatokea zote. Mama akaridhika, akashika waya auchomoe.

"Usichomoe hivyo, mama. Tuiage kwanza kompyuta, usipoiaga picha zinaweza kupotea," fundi akasema, akashika mausi abonyeze alama ya kutoa diski kwa usalama.

Mama akagusa picha moja kwa kidole. "Huyu alitoka asubuhi kwenda kupalilia mpunga. Hakuaga."

Fundi akaondoa mkono kwenye mausi. "Basi kaa naye kwanza, mama."

Nilipoondoka niliaga kila mtu, hata wale ambao sikuwa nimewasalimia.