Maji ya Kumkaribisha Kaka Ezekia

Harufu ya mtungi wa udongo uliotoka kujazwa maji bado hunirudisha Igamba, likizo ile kaka yangu Ezekia alipokuja kutoka chuo kikuu huko Uganda. Nilikuwa na miaka tisa, na moyo ulinidunda tangu asubuhi! Kijijini kwetu hapakuwa na mwingine aliyefika huko. Nilikwenda chemchemi ya mbali, yenye maji baridi ya kuuma meno, nikarudi mbio na mtungi kichwani. Nyumbani kwetu, anayetoka safari hupewa maji kwanza: bibi huonja kwenye kata ya kibuyu, kisha humpa, ndipo salamu zifuate. Bibi akaonja, akamnyooshea. Kaka akaipokea kwa mikono miwili, akachungulia ndani, akairudisha.

"Unisamehe, bibi. Siku hizi nakunywa yaliyochemshwa tu. Chuoni sote ndivyo tunavyofanya."

Bibi akayamwaga mlangoni. "Basi bado hujafika," akasema, akaingia ndani. Siku mbili nzima alimpa chakula, salamu hakumpa. Mimi nililia, maana niliwapenda wote wawili kupita kiasi.

Siku ya tatu nikapata wazo. Bibi alipokwenda kupalilia, nilichemsha maji sufuria nzima, nikamwita kaka aje aone mapovu kwa macho yake. Akacheka, akaniita daktari, na kichwa kikanivimba! Lakini bibi alirudi mapema, na maji yalikuwa bado ya moto, hayanyweki. Ningefanyaje? Nikayamimina hadi nusu ya mtungi, nusu iliyobaki nikajazia ya chemchemi ili yapoe haraka. Bibi akaonja, akampa. Kaka akanitazama, nikaitikia kwa kichwa. Akanywa kata tatu mfululizo.

"Haya sasa ndiyo maji!" akasema. Bibi akapiga kigelegele, akamsalimia kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Nilirukaruka uani kama mwanambuzi. Kwamba nilikuwa nimeharibu kazi yangu mwenyewe, nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima.

Leo mjukuu wangu anasoma chuo kikuu Mbeya, na huja na chupa zake za maji begini. Simlaumu. Humchemshia alfajiri, nikayaacha yapoe yenyewe, kisha nikaonja kata kwanza, na akinywa nafurahi kama siku ile. Kaka Ezekia alifariki akiwa mzee mwenye mvi, akiamini kwamba tangu aingie chuo kikuu hakuwahi kunywa maji ambayo hayajachemshwa.