Alinipa nenosiri lake, kaka zangu wakamtoa jicho

Admin, usiweke jina langu wala la shule. Bagamoyo ni ndogo na baba anafahamika.

Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tano shule ya bweni, niko nyumbani likizo. Nina aibu sana. Hata nikitumwa dukani naandika kwenye simu nikamwonyeshe muuzaji. Kuandika naweza, kusema ndiyo kazi.

Baba ana chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki, jirani na soko. Ukutani kuna kimashine kinachoongoza baridi, kimeungwa na intaneti ili baba akisafiri akione kwenye simu. Anayekisimamia ni kaka Shabani, si ndugu yetu bali mfanyakazi wa baba, mtu wa miaka thelathini hivi, mke wake yuko Miono. Ananiita Mwalimu tangu nilipomfundisha kutumia simu nikiwa darasa la sita.

Shuleni niko klabu ya kompyuta. Tunajifunza kujaribu kuvunja mfumo ili matundu yake yazibwe kabla mwizi hajayaona. Niliandika programu yangu mwenyewe. Inauuliza mfumo wewe ni aina gani, toleo gani, halafu inachagua yenyewe vipimo vinavyoufaa na kuviendesha. Nilijivunia mno. Kanuni ya kwanza ya klabu ni ruhusa ya mwenye mali, tena kwa maandishi. Baba nilimwonea haya, nikamwomba Shabani. Akacheka, akasema Mwalimu usije ukanitilia mchanga kitumbua changu, kisha akaniandikia nenosiri lake kiganjani.

Ilikuwa Jumatano alasiri, wiki mbili zimepita, mimi na Shabani tuko ndani ya chumba cha baridi. Kile kimashine kilijitambulisha kwa jina la aina nyingine, hivi vya bei nafuu ndivyo vilivyo. Programu yangu ikaamini jina, ikachagua vipimo visivyokihusu. Cha saba kikakigandisha. Taa ya kijani ilibaki inawaka, namba ya baridi ilibaki ileile, lakini mota ilikuwa imezima. Mimi niliona tu kimeacha kujibu. Nikadhani ni mtandao, nikafunga kompyuta nikaenda zangu. Shabani akaitazama namba, akaona mambo yako sawa.

Asubuhi tulipokelewa na harufu kabla ya mlango kufunguliwa. Kamba, pweza, changu, wote wameoza. Baba akafungua kumbukumbu za kile kimashine kwenye simu, akaniita mbele ya watu. "Wewe ndiye unayesoma haya mambo. Nisomee, nani aliingia mwisho?"

Nilijua papo hapo. Shuleni nafikiri kwa Kiingereza na nyumbani kwa Kiswahili, ila asubuhi ile hakuna lugha iliyonijia. Nikasoma kilichoandikwa. "Shabani. Saa kumi na dakika kumi."

Sikusema uongo hata neno moja. Ndicho kinachoniua.

Kaka yangu mkubwa alichukua beleshi la kusombea barafu. Pigo la kwanza lilimpata Shabani begani, akaanguka juu ya kreti. La pili mdomoni. Niliona meno mawili yamelala kwenye maji ya samaki. Kaka wa pili alimkalia kifuani akampiga ngumi usoni, nyingi, kama anatwanga, mpaka ile sauti ikabadilika, ikawa ya kitu kilicholowa. Baba alikuwa anamuuliza nani kakutuma, nani kakutuma. Nilikuwa nimekumbatia kompyuta. Shabani alinitazama mara moja kwa lile jicho ambalo sasa hana, akasema, "Sijui, mzee." Wakamkokota hadi nje kwa miguu, kichwa kinagonga kizingiti. Mama ndiye aliyewazuia, kwa kujilaza juu yake.

Mchana ule kaka zangu walikula wali kwa mikono iliyochubuka. Yule mdogo alisema jicho la pili analiweka akiba. Watu wakacheka. Polisi baba alishatangulia, kaandikisha hujuma.

Jumapili mama alinichukua twende hospitali kumwona Shabani. Alipotoka kuzungumza na nesi, niliinama nikamwambia Shabani nitasema. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Usiseme, Mwalimu. Wakijua ulikuwa na mimi mle ndani, mlango umefungwa, nani atakusikiliza habari za kompyuta? Wataniua."

Mlango wa chumba cha baridi lazima ufungwe, baridi isitoke. Nani atanielewa?

Jana mama yake, Bi Mwajuma, alikuja nyumbani. Nilimwamkia shikamoo akaitikia marahaba mwanangu, akanibusu kichwani. Kisha akamwambia baba kwa upole, "Sina nguvu za kupigana na wanao. Ijumaa baada ya Alasiri nasomesha Halbadiri. Aliyeharibu chumba chako, akanyamaza mwanangu anapigwa, Mungu asimcheleweshe."

Baba akamjibu, "Soma, Bi Mwajuma. Na mimi nitakaa mkekani niitikie amina. Nyumba yangu haina wasiwasi."

Ijumaa ni keshokutwa. Baba yangu mzazi atainua mikono kuniombea nife, na hajui. Naiogopa Halbadiri, sitawaficha. Ila nikikumbuka lile beleshi naogopa zaidi. Nikisema, kaka zangu watakwenda kummalizia pale pale kitandani, waseme wanalinda heshima yangu. Nikinyamaza, Shabani atatoka hospitali na kuingia gerezani na jicho moja.

Nimwambie nani kwanza, mama? Bi Mwajuma aliyenibusu? Au shehe, kabla hajafungua kitabu? Nimeanza barua, iko chini ya mto wangu. Ina sentensi moja tu, "Ni mimi." Ndugu zangu mnaosoma hapa, nisaidieni. Ya pili niandike nini ili Shabani abaki hai?