Mariamu Mdogo Kuliko Ng'ombe

Mama alipofariki, mimi ndiye niliyesafiri kwenda Kenya kumzika. Dada yangu mkubwa alibaki mtaani kwetu Rexdale. Maombi yake ya ukaazi yalikuwa hayajajibiwa, na kama angetoka Kanada asingeruhusiwa kurudi. Aliniomba jambo moja tu: nimwonyeshe mazishi kwa simu.

Miezi miwili baadaye nilimwalika kwenye jumba la sanaa ninakojitolea kuwaongoza wageni. Nilitaka apumzike kidogo na zamu zake za kazi ghalani. Tulipanda basi la barabara ya Kipling, kisha treni hadi mjini.

Nilimsimamisha mbele ya mchoro wa enzi ya Baroko, wa karibu miaka mia nne iliyopita: milima, mto, miti mirefu, mawingu yenye mwanga. Nikamwambia ni safari ya Mariamu na mtoto Yesu kukimbilia Misri.

"Yesu yuko wapi?"

Nikamwonyesha chini, pembeni kabisa: punda, mwanamke mwenye joho la buluu, kitoto kifuani. Mbele yao mtu alikuwa akinywesha ng'ombe.

"Ng'ombe wamepewa nafasi kubwa kuliko mama yake Yesu," akasema, nikacheka.

Nikamweleza polepole, kama ninavyowaeleza wote. Wachoraji wale waliipenda nchi yenyewe, milima na mito yake, na wanunuzi wao pia. Kisa kitakatifu ndicho kilichoipa nchi hiyo uzito. Usikate tamaa, huwa namwambia kila mgeni. Tafuta punda, fuata rangi ya buluu, utawapata.

Dada akaketi kwenye benchi, akafungua video ya mazishi niliyomrekodia, aliyoihifadhi kwenye simu yake. Kilima, mikalitusi, anga pana. Watu kule chini kama sisimizi.

"Naitazama kila siku na sijaliona jeneza," akasema. "Huyu mchoraji alikuwa na sababu zake. Wewe ulisimama mbali kwa nini?"

Nilimwambia ukweli. Niliogopa kusogea kaburini, nikajificha nyuma ya simu.

"Wewe ulikuwa na miguu ya kusogea, mdogo wangu. Mimi nilikuwa na macho yako tu."

Nikaketi karibu naye. Nikamwonyesha pasta, kitambaa chekundu cha shangazi, kisha, katikati yao, doa jeupe: shada la maua juu ya jeneza. Akalikuza kwa vidole viwili mpaka likawa miraba ya rangi. Hakuona kitu. Akairudisha video mwanzo, akaniambia nimweleze tena.